Lodwar hadi Marsabit ni dakika ngapi kwa ndege?

SWALI: Kapteni, tunataka kukodi ndege ndogo ya Caravan itutoe Lodwar hadi Marsabit na kuturudisha siku hiyo hiyo. Tovuti inasema kilomita 279, dakika 51. Dalali wetu hapa uwanja wa Wilson, Nairobi, anasema dakika 40 kwenda, 40 kurudi. Nimwamini nani? — Msomaji, South B

JIBU: Dada, umbali ni sahihi. Kilomita 279 ni maili za baharini 151. Muda ndio unaonikera, maana naletewa hesabu za namna hii kila mara.

Tovuti nyingi huchukua mwendo wa jeti, kama kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa. Caravan ni ya panga moja, mwendo wake noti 160 hivi (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), karibu kilomita 296 kwa saa. Hewa ikitulia ni dakika 57. Na huyo dalali? Ili ufike kwa dakika 40 unahitaji noti 226. Caravan haifiki huko hata rubani afanyeje.

Tena hewa ya huko haitulii. Mnavuka Ziwa Turkana, ambako upepo wa kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, ukatoka na nguvu. Ndio unaozungusha zile pangaboi 365 za umeme karibu na Loiyangalani. Mkielekea Marsabit ni upepo wa mbisho, unaowapiga usoni. Ukiwa wa noti 30, mwendo juu ya ardhi unabaki 130, na safari inakuwa dakika 70. Kurudi unawasukuma: dakika 48.

Hapa ndipo watu hukosea. "Si itafidiana wakati wa kurudi?" Haifidiani! Jumla inazidi ile ya hewa tulivu kwa dakika nne, kwa sababu mnakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaowachelewesha kuliko ule unaowasaidia. Upepo ukizidi, pengo linapanuka, na injini hunywa mafuta kwa saa, haiangalii kilomita.

Kisha kuna ukungu. Mlima Marsabit hujifunika, hasa asubuhi. Aprili 2006 ndege ya jeshi iliyobeba wabunge kwenye safari ya amani iliangukia huko katika hali mbaya ya hewa, watu 14 wakafa. Kwa hiyo rubani lazima abebe mafuta ya kuzunguka akingoja, ya kwenda uwanja mbadala, na akiba juu yake. Hayo yote yana uzito, na uzito huo hupunguza abiria na mizigo yenu. Hesabu ya dalali haina lolote kati ya hayo.

Wala hajakwambia kwamba ndege yenyewe inalala Wilson. Kuifikisha Lodwar ni kilomita 500 na ushee, na lazima irudi Nairobi. Saa hizo utazilipia wewe.

Mtu yeyote anayekuuzia safari ya ndege, popote nchini, mwulize ametumia upepo wa kiasi gani na uwanja mbadala ni upi. Akichomoa simu atafute jibu, usimpe hata shilingi ya kushikia nafasi. Nenda kwa kampuni yenye leseni, uombe kuzungumza na anayepanga safari.