Kete tano juu ya kinanda: kwa walimu wapya na wazazi wanaoanza na watoto wadogo

Mtoto wa miaka sita au saba hachoshwi na piano. Kinachomchosha ni kukalishwa mbele yake bila ya kujua afanye nini hasa na atamaliza lini. Ukimwambia "kafanye mazoezi nusu saa", umempa muda, hukumpa kazi. Ataupiga wimbo tangu mwanzo mpaka pale anapokwama siku zote, atarudi mwanzo, atakwama pale pale, na wiki ikimalizika vidole vitakuwa vimejifunza kukwama. Kwa hiyo jambo la kwanza unalopaswa kulijua, uwe mwalimu au mzazi, ni kuikata kazi vipande ambavyo mtoto mwenyewe anaviona vikiisha.

Kabla ya hapo, tazama anavyokaa. Kinanda cha umeme cha vibonyezo 61 kinatosha kuanzia, ingawa piano kamili ina 88. Muhimu kiwe kinatofautisha mguso mzito na mwepesi. Tabu huanza pale kinapowekwa juu ya meza ya kulia chakula. Mtoto anainua mabega ili avifikie vibonyezo, baada ya dakika tatu mabega yanauma, na kwa kuwa hajui kulieleza hilo, anasema hataki tena. Viwiko viwe sawa na vibonyezo au juu yake kidogo. Weka mto mgumu kwenye kiti, na chini ya miguu geuza kreti tupu la soda, kwani miguu ikining'inia mwili mzima unayumba. Sakafuni juu ya mkeka pia hapafai: mgongo unapinda na viganja vinalala.

Muda uwe mfupi. Kwa miaka mitano au sita, dakika tano mpaka kumi. Kwa saba na nane, kumi mpaka kumi na tano. Mara mbili fupi kwa siku hushinda mara moja ndefu. Watoto wetu wengi wana skuli na chuo cha Kurani siku hiyo hiyo, na mtoto aliyetoka chuoni sasa hivi ametumia macho na kumbukumbu yake yote. Mwache ale, acheze kidogo, kisha akae kabla ya Magharibi. Kinanda kinyamaze adhana inapoanza, na hilo ni zuri kwa mazoezi pia, maana mtoto anajua mapema kwamba kikao kina mwisho na hakuna atakayekirefusha.

Sasa kete. Chukua komwe tano za bao, zipange upande wa kushoto juu ya kinanda. Chagua vipimo viwili tu vya wimbo, yaani vile vyumba viwili vilivyotengwa kwa mistari ya wima, na mkono mmoja tu. Akivipiga sawasawa, anasogeza kete moja kulia. Akikosea, moja inarudi kushoto. Moja tu, si zote! Walimu wengi wapya hufanya mchezo wa "ukikosea unaanza upya", na hapo ndipo unapoharibika: mtoto mwenye kete nne upande wa kulia anaanza kubonyeza kwa woga, vidole vinakakamaa, anakosea kwa sababu ya woga wenyewe, kisha analia. Na "sawasawa" iwe na maana moja kila siku: sauti ndizo, vidole ndivyo, na hakusimama katikati. Kupiga polepole hakumnyimi kete. Kama dakika tatu zimepita na kete haziendi, kosa si lake. Kipande ni kirefu au mwendo ni wa haraka. Punguza kibakie kipimo kimoja.

Tunapendekeza uanze na vipimo viwili vya mwisho, halafu urudi nyuma siku baada ya siku. Mtoto aliyeanza mwanzoni kila mara huelekea kwenye asichokijua, na wasiwasi wake huongezeka kadiri anavyosonga mbele. Aliyeanza mwishoni anaelekea kwenye anachokijua, na anamaliza kwa nguvu.

Mapigo yafundishwe mdomoni na mapajani kabla ya kugusa kibonyezo. Hapa Unguja na Pemba hatuna haja ya kwenda mbali, kwani mtoto ameshaisikia dumbak, ngoma ya taarab, harusini. Sauti nzito katikati ya ngozi ni dum, nyepesi ukingoni ni tak. Mpangilio wa pigo moja, pigo moja, mawili ya haraka, pigo moja unakuwa "dum, dum, taka, dum". Aseme huku akipiga mapaja, kwa mapigo 60 ya dakika, yaani moja kwa kila sekunde. Akishindwa kuusema, vidole navyo vitashindwa, na hapo usimkimbize kwenye kinanda.

Nambari za vidole ni kutoka gumba, 1, mpaka kidole cha mwisho, 5, mikono yote miwili. Wiki ya kwanza tumia makundi ya vibonyezo vyeusi, viwili viwili na vitatu vitatu. Mtoto huvipata hata amefumba macho, na Do ni cheupe kilicho kushoto mwa kila kundi la viwili, kisha vyeupe vinavyofuata kulia ni Re, Mi, Fa na Sol.

Kisha mpe kitu chenye ladha ya nyumbani mapema. Vitabu vingi vya wanaoanza hukaa kwenye Do, Re, Mi vyeupe kwa miezi, na mtoto aliyelelewa na taarab huona muziki huo hauna chumvi. Mwekee gumba kwenye Re, kidole cha 2 kwenye cheusi kilicho kati ya Re na Mi, cha 3 kwenye cheusi kilicho kati ya Fa na Sol, cha 4 kwenye Sol. Hizo sauti nne ndizo mwanzo wa makamu ya Hijazi, yaani mmoja wa mipangilio ya sauti inayotumika katika taarab. Apande, ashuke, ashike ya mwisho. Uso wake utabadilika kwa sababu ameitambua. (Usimwambie aige adhana, wazee wengi hawatalipenda jambo hilo, na wana haki.) Makamu za Rasti na Bayati uziache kwa sasa: zina sauti zilizo katikati ya kibonyezo na kibonyezo, ambazo piano haina. Vinanda vingine vina mpango wa kushusha sauti moja kwa robo, lakini hiyo ni kazi ya baadaye. Mtoto akikuambia "mbona haifanani na udi", mwambie amesikia vizuri. Na akitaka kujua piano itamfikisha wapi, mwonyeshe akodiani: mkono wa kulia wa mpigaji unatembea juu ya vibonyezo vya mpango ule ule.

Kumsifu, taja kitu. "Leo kidole cha 4 hakikulala" humfaa kuliko "hongera" kumi. Pipi tusizianze, kwani siku ya tatu mtoto huhesabu pipi. Afadhali Alhamisi jioni ampigie bibi vipimo alivyovimaliza, hata viwe vinne tu.

Kinanda kifunikwe kanga kavu kila siku, mbali na dirisha la baharini na mbali na sahani. Sisimizi huingia ndani na vibonyezo huanza kuruka sauti, halafu mtoto hulaumiwa kwa kosa la chombo. Umeme ukikatika, vinanda vingi hukubali betri. Adapta ya kuazima usiichomeke kabla ya kulinganisha volti na alama ya chanya na hasi.

Siku atakapokataa kabisa, usimwite mvivu. Kaa wewe kushoto, piga polepole vibonyezo vyeusi viwili vya chini, cha kwanza kwenye kundi la vitatu na cha kwanza kwenye kundi la viwili. Yeye apige cheusi chochote apendacho juu. Vyeusi vyote vitano vinakubaliana, hawezi kukosea. Dakika tatu zinatosha, kisha funika kinanda umwache aende. Kesho yake panga kete tatu badala ya tano, na kipimo kimoja.