Wapya wa fantasi hoki, mbona mnapigwa mchana kweupe?

Jamani nyie wapya wa huu mchezo wa kupanga timu za kubuni kwa wachezaji wa kweli wa NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, na kupata pointi kwa takwimu zao, tunawapenda, bila nyie ligi isingejaa, lakini tredi (kubadilishana wachezaji) mnazokubali zinatia huruma. Juzi hapa dogo mmoja kamtoa nyota Nathan MacKinnon akapokea watu watatu: mmoja yuko IR (orodha ya majeruhi), mmoja ni kipa namba mbili wa timu inayofungwa kila usiku, na wa tatu ni beki ambaye kazi yake ni kuzuia mashuti kwa mbavu, kwenye ligi ambayo bloki hazihesabiwi. HAZIHESABIWI. Halafu kaandika kwenye grupu kwa furaha kabisa kwamba sasa benchi lake limeshiba. Meneja aliyemchukua MacKinnon hajaandika neno mpaka leo. Mimi nikiona mkongwe kanyamaza baada ya tredi najua tayari kuna mtu kalizwa.

Nimekaa nikaona niandike tu, maana makosa ni yaleyale kila msimu, wanaobadilika ni watu. Waiva (lile kapu la wachezaji walioachwa, wanaosubiri kuokotwa) na kikosi kinapangwaje sielezi kwa kirefu, hayo mnayajua.

1. Ukiletewa ofa, kabla hujaangalia unapata nani, jiulize huyu kwa nini ananiuzia. Anayeongoza msimamo hawezi tu kuamka asubuhi akakuonea huruma. Ana sababu. Labda mtu wake katolewa pawaplei ya kwanza (kikosi kinachoingia mpinzani akipungukiwa mtu kwa adhabu), labda kocha kamshusha laini ya tatu (kundi la tatu la washambuliaji wanaoingia pamoja), labda kaangalia ratiba akaona wiki ya fainali yenu timu ya huyo jamaa inacheza mechi mbili tu. Au labda sababu ni ya kweli kabisa, makipa wake wote wameumia na anahitaji kipa leo hii, na hapo dili lipo, kaeni mzungumze na usimwachie kirahisi kwa sababu mwenye shida ni yeye. Ila ukitafuta sababu ukaikosa, mkuu, sababu ni wewe.

2. Watatu kwa mmoja. Karibu mara zote anayeondoka na mchezaji bora ndiye kashinda, kwa sababu nafasi za kikosi zina idadi, na wale wawili wa ziada inabidi uwatafutie pa kukaa kwa kumtupa mtu wako mwingine waiva. Tena yule unayemtupa kuna mtu anamsubiri. Na wala msione aibu sana, maana hata mameneja wa kweli wanaolipwa kwa kazi hii wameingia mkenge huo huo. Tarehe 30 Novemba 2005 Boston walimtoa Joe Thornton kwenda San Jose wakapewa Marco Sturm, Brad Stuart na Wayne Primeau. Watatu hao, wote wachezaji wa heshima, ukiwaandika kwenye karatasi wanapendeza. Thornton akamaliza msimu na pointi 125 (magoli pamoja na asisti, yani pasi za goli), akachukua Art Ross (tuzo ya pointi nyingi) na Hart (tuzo ya mchezaji bora), akiwa kacheza timu mbili ndani ya msimu mmoja. Kwa hiyo ukiletewa watatu wanaopendeza kwa mmoja wako, mkumbuke Sturm.

(Kuna kipindi watatu kwa mmoja inalipa, kama timu yako imejaa mashimo na waiva kumekauka. Ila sio wiki ya pili ya msimu na sio kwa MacKinnon, aisee.)

3. Angalieni asilimia ya mashuti, yani kati ya mashuti mia mangapi yanaingia. Wastani wa ligi unacheza karibu na 10, basi mtu anayefunga kwa asilimia 20 na kitu muuzeni wakati bado anang'aa. William Karlsson alifunga magoli 6 msimu wa 2016-17 akiwa Columbus, akahamia Vegas timu ikiwa mpya kabisa, akapiga 43 kwa asilimia 23.4, na msimu uliofuata akarudi 24. Mchezaji mzuri tu, hana kosa, ila waliomnunua kwa bei ya 43 wanajijua. Kwenye ligi yetu kuna mmoja alimnunua na mpaka leo ukitaja Vegas anahama mada.

4. Hii ndiyo yenyewe, na nitaisema yote maana nimechoka kuwacheka wenzangu wakati skrinshoti yangu bado ipo kwenye grupu na kila mwaka kuna mtu anaifufua.

Tarehe 22 Julai 2022 Calgary na Florida walibadilishana, Matthew Tkachuk akaenda Florida, Jonathan Huberdeau akaja Calgary pamoja na MacKenzie Weegar na vingine. Huberdeau alikuwa ametoka kumaliza msimu na pointi 115, asisti 85 humo ndani. Ligi yetu ni ya kubakiza wachezaji kutoka msimu mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo kiangazi watu hawalali, na meneja aliyekuwa naye akanitumia ujumbe usiku huohuo. Adabu imemjaa. Eti anaumia kumtoa ila anataka kujenga timu changa, anaomba nimpe Tage Thompson. Nikacheka peke yangu. Thompson alikuwa ametoka kufunga 38, kila mtu anasema kabahatisha, na mimi mwenyewe nilikuwa kwenye hilo kundi la kila mtu. Nikajikaza, nikajifanya nafikiria, maana nilitaka aone kama na mimi naumia.

Akasema ongeza kitu kidogo. Sasa kitu kidogo nilichokuwa nacho ni Erik Karlsson. Nilikuwa nimemchoka, umri miaka 32, msimu uliopita kacheza mechi 50 pointi 35, kila nikifungua apu ana alama nyekundu ya majeruhi. Nikamwambia chukua. Na asante nikatoa, tena nikaenda kwenye grupu nikabandika skrinshoti na vile vikatuni vya kucheka machozi, nikaandika "ligi imeisha mapema mwaka huu".

Sikumuuliza swali hata moja. Angalia sasa mwenzangu alichokuwa amekiona. Florida ndiyo timu iliyokuwa imeongoza ligi nzima kwa magoli, wanakimbia mbele na nyuma kama hawana kesho, na Huberdeau chakula chake ni pasi, yani pointi zake nyingi zinategemea mwenzake amalizie. Calgary ya kocha Darryl Sutter ilikuwa kazi nyingine kabisa, kila mtu arudi akabe, ukipoteza diski katikati unakaa benchi. Mimi nilikuwa nimenunua namba ya mwaka jana ya timu ambayo hayupo tena. Yeye aliuza mapema, kabla hata jezi mpya haijapigwa picha.

Msimu ukaanza. Huberdeau wiki ya kwanza hamna kitu, nikasema anazoea. Novemba nikasema anazoea. Tarehe 7 Desemba Buffalo wakacheza na Columbus, Thompson akapiga magoli matano, manne kipindi cha kwanza peke yake, na simu yangu ikawa inalia mpaka nikazima, maana kila goli kuna mtu ananitumia ile skrinshoti. Erik Karlsson naye akaamua mwaka huo ndio asiumie, akamaliza na pointi 101, beki wa kwanza kufika mia tangu Brian Leetch msimu wa 1991-92, na Norris, tuzo ya beki bora, akabeba. Huyo ni kitu kidogo. Nyongeza. Thompson akaishia 94. Huberdeau wangu 55. Kutoka 115 mpaka 55, pointi 60 zimeyeyuka msimu mmoja kwenda mwingine, na mimi nilikuwa nimemshika mkononi nikimuombea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule jamaa hakunidanganya. Ningemuuliza kwa nini anauza angenijibu, ni mtu muungwana, mpaka leo tunaongea. Kibaya zaidi mwaka uliofuata nikambakiza! Mtu akilamba garasa huwa anataka kuwathibitishia watu kwamba sio garasa, kocha kabadilishwa nikajiambia sasa mtaona. Wakaona. Pointi 52. Kwa hiyo mkisikia watu wananiita Bwana Nyongeza kwenye grupu msiulize tena, jibu ni hili.

Kutoka hapo nina utaratibu: mchezaji akihama timu kwanza naangalia laini atakayocheza, nani ana pawaplei, kocha ni nani, namba za zamani naziangalia mwisho. Sentensi moja hiyo, imenigharimu misimu miwili.

5. Kuuza kwa hasira. Hili ni kinyume cha namba 4 na ndiyo maana watu hawaelewi, wanasema si umesema akihama tuangalie upya? Ndiyo, angalia, sio ukimbie. Msimu wa 2024-25 Mikko Rantanen alikuwa na pointi 64 kwenye mechi 49 za Colorado, Januari wakamtupa Carolina, kule akacheza mechi 13 akapata pointi 6. Kuna mwenzetu hapa akachanganyikiwa, akamuuza kwa bei ambayo siwezi kuiandika kwa heshima ya familia yake. Muda mfupi baadaye, tarehe 7 Machi, Carolina nao wakampeleka Dallas, akapiga pointi 18 kwenye mechi 20, kwenye timu ya mtu mwingine. Mwezi Mei akawafunga Colorado haohao matatu kipindi cha tatu cha mechi ya saba, ingawa hiyo sisi haitusaidii kitu maana ligi yetu inafungwa kabla ya mtoano, lakini mwenzetu aliumia nayo hivyohivyo.

Na makipa ndio mnauza kwa hasira kuliko wote. Kipa akifungwa sita usiku mmoja, asubuhi yuko sokoni. Tarehe 2 Desemba 1995 Patrick Roy aliachwa golini mpaka akafungwa tisa na Detroit, mechi ikaisha 11-1, akamwambia rais wa klabu kwamba ameshacheza mechi yake ya mwisho Montreal. Siku nne baadaye yuko Colorado, na Juni ana kombe. Montreal angalau walikuwa na ugomvi wa kweli. Wewe ugomvi wako na kipa ni upi? Hata hakujui.

6. Vidogovidogo, niviseme haraka. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi mechi zimejaa na benchi lako litakuwa na watu unaoshindwa kuwapanga, kwa hiyo mtu wa mwisho kwenye kikosi mtafute anayecheza Jumatatu, Jumatano, Ijumaa au Jumapili. Timu ikicheza siku mbili mfululizo usitegemee kipa yuleyule. Mwenye nafasi mbili, senta na winga, ana thamani kuliko anavyoonekana. Na someni kategoria za ligi yenu kabla ya kutuma ofa, maana kuna mtu kaniletea Brady Tkachuk akanisifia hiti zake (kuwagonga wapinzani kwa mwili), na ligi yetu haihesabu hiti tangu ianzishwe, nikamjibu kwa upole lakini nilikuwa nacheka.

7. Veto, yani kura ya kufuta tredi. Acheni kulia. Tredi mbaya sio tredi ya wizi, na kamishna (msimamizi wa ligi) sio mlezi. Veto ni ya watu waliopanga, yani huyu anampa rafiki yake timu nzima kwa sababu yeye ameshatoka kwenye mbio. Yule dogo wa MacKinnon hakupanga na mtu, alipigwa tu, apewe pole aendelee. Kuna mliopiga kura tredi ifutwe mkidai mnamtetea, wakati wote tunajua nyie ni wa pili na wa tatu kwenye msimamo.

Kesi ambayo kamishna anapaswa kuamka usingizini ni ya kuahidi mtu mmoja kwa watu wawili. Na hili lilishatokea kwa wakubwa: Juni 1992 Quebec walikubaliana na Philadelphia kumuuza Eric Lindros, halafu wakakubaliana tena na Rangers wa New York, mchezaji yuleyule, ikabidi aletwe msuluhishi asikilize pande zote, akaamua Lindros ni wa Philadelphia. Walichotoa Philadelphia ni msururu wa wachezaji, nafasi za drafti (haki ya kuchagua vijana wapya) na dola milioni 15, na katikati ya msururu huo alikuwemo kijana anaitwa Peter Forsberg, aliyekuja kuwa nyota mkubwa. Quebec wakahamia Colorado mwaka 1995, na mwaka 1996 wakawa mabingwa. Philadelphia hawakubeba kombe na Lindros. Haya, rudi namba 2 ukahesabu upya, maana hapo aliyechukua nyota ndiye aliyeumia, na mimi sijawahi kusema sheria zangu hazina tobo.

Sasa mwenzenu mmoja, simtaji, wiki iliyopita kafanya u-Quebec. Kipa mmoja, kamuahidi mtu wa kwanza Jumapili, wa pili Jumatatu, wote kawaambia "nikifika nyumbani nabonyeza". Ahadi ya mdomo kwenye grupu letu inahesabika, mkubaliane mtume ofa papohapo, basi. Yeye alikuwa anasubiri wa tatu aongeze dau. Jumanne kipa kaumia nyonga dakika ya nane, na sasa hivi kwenye grupu hakuna mtu anayekumbuka kama aliwahi kumtaka.