Utafiti wa afya nyumba kwa nyumba Manzese: kwa nini majibu yenu yote ni mazuri

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kwa nini wakazi wa Manzese, Dar es Salaam, wanawakwepa vijana wenu wa kujitolea, kwa nini karibu kila kaya inasema inachemsha maji na choo chake hakina shida, na kama ni sawa kuwalipa vijana kwa kila dodoso. Nimefanya kazi hii ya kujitolea Tandale na Vingunguti, kwanza nikiwa mdodosaji, baadaye msimamizi, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Nianze na choo, wanaokula mnisamehe. Nyumba zetu za Uswahilini unazijua: korido katikati, vyumba vya kupangisha huku na huku, uani choo kimoja cha wote, na mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Kijana wako anapiga hodi, anakaribishwa uani ambako kina mama wote wanafua na kupika, anafungua simu na kuuliza kwa sauti, "Choo kikijaa huwa mnafanyaje?" Mpangaji anamtupia jicho mwenye nyumba, halafu anajibu, "Tunaita gari la kunyonya." Gari gani hilo, mkuu, wakati kichochoro chenyewe bodaboda inapita kwa kuomba njia? Masika wengi wanatapisha, yaani wanangoja mvua kubwa uchafu ufunguliwe uende na maji, au wanawaita vyura, yaani watu wa kuzoa choo kwa mikono, waingie shimoni na ndoo zao. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima unajua pia kuwa bwana afya akisikia ni faini. Sasa mtu mwenye kitambulisho shingoni anayeuliza habari za choo, kwao ni nani kama si bwana afya?

Sisi swali lile tuliliondoa uani. Mpangaji unamfuata mlangoni kwa chumba chake, unakaa kwenye kigoda au ndoo utakayopewa (usisimame, ukisimama umeshakuwa ofisa), na huulizi "nyinyi mnafanyaje". Unauliza, "Mvua zikianza, hali ya vyoo mtaa huu inakuwaje?" Hapo mtu atakueleza mpaka ya majirani wa mtaa wa pili. Ukimaliza unaomba kukiona choo, unaandika ulichokiona kwa macho: sakafu ni ya zege au ya mbao, maji na sabuni viko karibu au havipo, shimo limebakiza kiasi gani. Mambo mengine hayahitaji kuulizwa kabisa.

Maji ni hivyo hivyo. Tangu kipindupindu cha Agosti 2015, kilichoanzia Kinondoni wakati ambao Manzese nayo bado ilihesabika huko, matangazo ya kuchemsha maji yamepita sana, hivyo hakuna asiyejua jibu linalotakiwa. Ukiuliza "Mnachemsha?" mama atasema ndiyo kama anavyoitikia salamu. Uliza hivi: "Naomba unionyeshe maji ya kunywa ya leo." Bibi mmoja Tandale alinionyesha ndoo nyeupe yenye mfuniko, juu yake kikombe cha bati kimefunikwa kitambaa, kila kitu safi. Nikamuuliza yalichemshwa lini. Akacheka. "Mjukuu wangu, huo mkaa wa kuchemshia maji nikiupata si nitainjikia maharage?" Baada ya pale tukaongeza swali la kwa nini hawachemshi, na habari ya mkaa ikatutokea kila kona. Kama lengo lenu ni kugawa vidonge vya kutibu maji, swali hilo moja litawasaidia kuliko kurasa zote za elimu ya usafi.

Kuhusu kukwepwa, jiulizeni kwanza mnafanana na nani machoni pao. Desemba 2015 nyumba za Bonde la Msimbazi zilianza kubomolewa, na nyingine zikachorwa alama ya X nyekundu ukutani. Miaka ya karibuni wakapita wathamini wa fidia za mradi wa bonde hilo. Kabla na baada wamepita watu wa kuandika kaya maskini, wa sensa, wa kampeni za vyama. Mtu ameandikwa weee, na wengi hawakuona kilichofuata. Kwa hiyo marufuku kuchora chaki milangoni ili kukumbuka nyumba mliyopita, hata kama mwongozo wenu unasema hivyo. Tangu anwani za makazi zilipowekwa mwaka 2022 nyumba nyingi zina kibao cha namba. Andikeni hiyo, au mweke alama kwenye ramani ya simu.

Barua ya kata na mwenyekiti wa mtaa ni lazima, na kama matokeo mtayachapisha mtahitaji kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), hilo halina mjadala. Lakini mjumbe anayewatembeza muageni baada ya utambulisho. Huyo anawafungulia mlango, kisha uwepo wake unafunga midomo, hasa mkifika kwenye uzazi wa mpango. Maswali hayo yaulizwe na msichana, faragha. Na saa nne asubuhi mtawakuta watoto na wagonjwa tu. Mama lishe ametoka alfajiri. Saa kumi jioni mpaka karibu na Magharibi ndiyo saa yenu.

Nimeona pia mnataka kupima watoto mkono kwa utepe wa kutambua utapiamlo. Msiguse mtoto yeyote kabla hamjakubaliana na zahanati ya jirani. Utepe ukisoma nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mama atakuuliza pale pale "sasa nifanyeje?" na huwezi kumjibu kwamba unakusanya takwimu. Uwe na jina la mhudumu, siku ya kliniki ya lishe, na karatasi ya rufaa mkononi. Kama hayo hamna, kipengele hicho kitoeni.

La mwisho, posho. Lipeni nauli na chakula cha mchana kwa siku, kamwe si kwa idadi ya madodoso. Ukilipa kwa dodoso, kuna kijana atakaa kijiwe cha kahawa ajaze kaya nzima nzima kutoka kichwani, na majibu yake yatakuwa safi kuliko ya wote. KoboToolbox, programu ya kujazia madodoso kwenye simu, inaweza kurekodi saa ya kuanza na kumaliza kila fomu, mradi muwe mmeiwasha kwenye fomu yenu. Kila jioni angalia hapo: dodoso la nusu saa likikamilika kwa dakika nne, mrudie huyo kijana mwende wote kwenye nyumba hiyo kesho yake.

Kama mna fomu tayari, weka hapa sehemu ya choo na maji tuipitie.