Mtoto anakosea hisabati yale yale: soma kosa kabla ya kuongeza maswali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kijana wa Darasa la Tano, anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, tunakaa Sakina, Arusha. Masomo mengine anakwenda vizuri, ila hisabati mtihani wa muhula kapata 16 kati ya 50. Tuisheni anakwenda kila jioni na Jumamosi, tebo anaziimba mpaka ya 12, lakini nikimpa maswali anakosea yale yale. Mwalimu wa darasa anasema hana umakini. Mimi mwenyewe niliishia Darasa la Saba. Nitajuaje asichokijua ni kipi hasa, na nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mama. Umeandika "anakosea yale yale", na hapo ndipo pa kuanzia. Mtoto asiye na umakini hukosea ovyo, leo hapa kesho pale. Anayekosea yale yale ana njia anayoifuata kwa uaminifu kabisa, ila njia yenyewe ni mbovu. Ukimwongezea maswali hamsini ya aina hiyo, anaifanyia mazoezi njia mbovu mara hamsini.

Chukua madaftari yake ya hisabati ya miezi mitatu iliyopita na karatasi ya mtihani. Kaa nayo peke yako, mtoto akiwa amelala. Alama nyekundu ya mwalimu inakuambia kakosa, basi. Jibu aliloandika mtoto ndilo linalosema kakosaje. Tazama hesabu hii moja, 403 − 168. Jibu sahihi ni 235, lakini watoto hulikosa kwa namna tofauti, na kila namna ina chanzo chake:

Akiandika 365, kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 3, 6 toa 0, 4 toa 1. Huyu hajui kukopa kabisa, au anakukwepa.

Akiandika 265 au 205, kukopa anajua, ila alipokuta sifuri katikati aliiruka akakopa moja kwa moja kwenye 4. Halafu akabaki na "0 toa 6" asijue aifanye nini, akaandika 6 au 0.

Akiandika 245, yuko karibu sana. Sifuri ameigeuza kuwa 10, lakini amesahau kwamba hiyo 10 nayo imetoa moja kwenda kwenye mamoja, kwa hiyo imebaki 9.

Wote watatu wamepewa kosa. Dawa zao ni tofauti.

Fanya hivyo hivyo kwa kuzidisha na kugawanya. 34 × 26 ikiwa imetoka 272 badala ya 884, amezidisha kwa 6 akapata 204, akazidisha kwa 2 akapata 68, akasahau kwamba hiyo 2 ni makumi, yaani ni 680. 618 ÷ 6 ikitoka 13 badala ya 103, sifuri ya katikati imedondoka. Ukiona kosa la kutoa, la kuzidisha na la kugawanya yote yanazunguka makumi na sifuri, usihangaike na mada tatu. Tatizo ni moja: thamani ya nafasi ya tarakimu, somo la madarasa ya chini kabisa.

Kuna kundi jingine linaloitwa uzembe ambalo mara nyingi si uzembe. Safu zikiwa zimepinda, mamoja yamekaa chini ya makumi, mnunulie daftari lenye vijiboksi, tarakimu moja kwa kijiboksi. Na linganisha maswali aliyonakili ubaoni na yale aliyopewa kwenye karatasi. Kama ubaoni 36 inageuka 86 na kwenye karatasi hakuna shida hiyo, mpeleke akapimwe macho kwanza.

Ukishapata picha, mpime kwa mdomo. Nusu saa inatosha, siku ambayo hana tuisheni, na isiwe saa tatu usiku amechoka. Mwambie humpi maksi. Mpe moja moja: 8 + 7, 52 − 27, katika 4,072 hiyo 7 ina thamani gani, 403 − 168, 7 × 8, 618 ÷ 6, 20 − 8 + 5, ½ + ⅓, ipi kubwa kati ya 0.25 na 0.5. Kila anapojibu, awe amepata au amekosa, muulize "Umepataje?" kisha nyamaza. Ukimuuliza anapokosa tu, atajifunza kwamba swali hilo maana yake ni "futa", na atafuta hata lililo sahihi. Usimrekebishe siku hiyo. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Kwenye 8 + 7 na 7 × 8 tazama muda. Akitumia vidole au akianza kuimba tebo toka mwanzo, "saba moja saba, saba mbili kumi na nne", basi anajua wimbo, jibu lenyewe hana. Kwenye hesabu ndefu ya kugawanya atauimba wimbo huo mara nne, na akimaliza amesahau alikuwa wapi. Lakini msiyarudie majedwali yote. Ya 1, 2, 5 na 10 wengi wanayo. Mkijua kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, hadi 9 × 9 yanabaki 21 tu, yale ya 3, 4, 6, 7, 8 na 9 zenyewe kwa zenyewe. Kata maboksi ya unga wa ngano yawe kadi 21, umuulize kwa kuchanganya. Yale yanayogoma yapewe ngazi: 7 × 4 ni 28, mara mbili yake ni 56, hiyo ndiyo 7 × 8. Matatu mapya kwa wiki yanatosha.

20 − 8 + 5 wengi wanajibu 7, na hapo kosa ni letu walimu. Tumewakaririsha MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), mtoto anaona "ju" imetangulia "to", anajumlisha 8 na 5 kwanza. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unafuata kilichotangulia kutoka kushoto. Muulize hivi: daladala ya Ngaramtoni ina abiria 20, wakashuka 8, wakapanda 5, wamebaki wangapi? Atasema 17 bila kalamu.

Desimali nazo zipo dukani. Atakayesema 0.25 ni kubwa kuliko 0.5 "kwa sababu 25 ni kubwa kuliko 5" anajua fika kwamba robo kilo ya sukari, ndiyo hiyo 0.25, ni ndogo kuliko nusu kilo, yaani 0.5. Hajawahi kuambiwa kwamba mizani ya duka na daftari lake vinasema jambo lile lile. Usitumie shilingi na senti kumfundishia. Hajawahi kushika senti maishani mwake.

Na ½ + ⅓ ikitoka ⅖, mwulize kama nusu chapati ukiiongezea kipande inaweza kuwa chini ya nusu. Akishangaa mwenyewe, ndipo mwende kwenye KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika. Asiposhangaa, rudini kwenye chapati na kisu.

Jaribu pia fumbo hili kwa Kiswahili: "Neema ana maembe 15, amemzidi Baraka kwa maembe 6. Baraka ana mangapi?" Akijibu 21, ameona neno "amemzidi" akajumlisha. Huko tuisheni huwa wanafundishwa "ukiona zaidi jumlisha, ukiona baki toa", njia ya mkato inayowaponza. Mwambie achore mistari miwili, wa Neema mrefu na wa Baraka mfupi, aonyeshe ile 6 iko wapi. Kisha mpe fumbo la namna hiyo kutoka kitabu chake cha Kiingereza, alisome, akusimulie kwa Kiswahili linauliza nini kabla hajashika kalamu. Kama Kiswahili anapata 9 na Kiingereza anakwama, hisabati yake ni nzima, anachohitaji ni lugha ya mafumbo.

Sasa kutibu. Anza hatua mbili chini ya pale alipokwama. Tuseme ni ule ugonjwa wa sifuri. Neno "kukopa" lenyewe linapotosha, maana hakuna anayelipa. Kinachofanyika ni kuchenji. Kata vikaratasi uviandike 10,000, 1,000 na 100. Mpe vinne vya elfu kumi, cha elfu moja hata kimoja hana, na vitatu vya mia: ana 40,300. Mwambie akulipe 16,800. Mia nane hana, na elfu moja ya kuchenji hana. Itabidi avunje elfu kumi moja apate elfu moja kumi, kisha avunje elfu moja mojawapo apate mia kumi. Sasa mezani ana elfu kumi 3, elfu moja 9 na mia 13. Hiyo 9 ameiona kwa macho, hakuambiwa. Akikulipa anabaki na 2, 3 na 5, yaani 23,500.

Siku tatu za kwanza afanye vikaratasi na kuandika kwa pamoja, kila anapochenji aandike palepale kwenye daftari. Watu wengi hukosea hapa: wanacheza na vikaratasi wiki nzima, kisha wanaviondoa ghafla, na mtoto haoni kama vinahusiana na penseli. Siku ya nne aandike peke yake, vikaratasi viwe pembeni. Hesabu tano kwa siku, dakika ishirini, basi. Wiki ya pili changanya: mbili zenye sifuri, mbili zisizohitaji kuchenji, moja ya kujumlisha, ili aamue mwenyewe afanye nini. Akianza kupata zote usiache kabisa. Mrudishie baada ya wiki moja, tena baada ya mwezi.

Kila jibu alikadirie kabla ya kulianza. 34 × 26 haiwezi kutoka 272 kama 30 × 20 peke yake ni 600.

Shule usiende na lalamiko. Nenda na karatasi moja: "Anakosea kutoa akikuta sifuri katikati, hizi hapa hesabu sita." Mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kulishughulikia hilo. "Hajui hesabu" hawezi. Tuisheni ningeisimamisha kwa mwezi kama inakwenda na mada za Darasa la Tano tu, kwa sababu shimo la kijana liko chini ya hapo na muda wake unaliwa bure.

Baada ya wiki nne mpime tena kwa maswali yale yale, namba tofauti. 403 − 168 iwe 502 − 247, na jibu ni 255. Na ikiwa baada ya miezi miwili ya hivi bado anahesabu vidole kupata 8 + 7, au hawezi kusema bila kuhesabu kama 6 ni ndogo kuliko 8, hapo anahitaji mwalimu wa elimu maalumu amtazame. Chuo kinachowafundisha walimu hao kipo Patandi, hapo Tengeru, si mbali na kwenu. Anza kwa kumuuliza mwalimu mkuu kama shuleni yupo mmoja.