Jibu: Kabla hujamkopesha shemeji yako kwa sababu ya parasha ya Re'eh

Ndugu uliyeuliza, fedha hizo usizitoe bado. Umeandika kwamba umeanza kuisoma Torati kwa mzunguko wa Kiyahudi, parasha moja, yaani fungu moja la usomaji, kila juma, na kwamba unataka kila parasha ikupe funzo moja la kutenda. Ukauliza utumie tafsiri ipi, uanzie wapi, na kama ni sawa kumpa shemeji yako mtaji wa duka bila maandishi, kwa kuwa Re'eh, parasha ya Kumbukumbu la Torati uliyoifikia, inaagiza mkono ufunguliwe. Maswali mawili ya kwanza yatasubiri. Hilo la tatu lilinigharimu shilingi 4,600,000.

Ilikuwa Agosti 2021, juma la Re'eh vilevile. Nilikuwa nikihudhuria semina za mwalimu mmoja aliyejitanda vazi la sala lenye vishada, aliyepuliza pembe ya kondoo dume kabla ya kila kipindi na kuuza muhtasari wa masomo yake kwa bei ya kilo mbili za nyama. Siku hiyo alisoma Kumbukumbu la Torati 15, pale inapoagizwa kwamba ndugu yako akiwa maskini usiufanye moyo wako kuwa mgumu, bali umkopeshe kadiri ya haja yake. Kisha akafunga kitabu, akatangaza kwamba anayemwandikisha ndugu yake deni amekiri kuwa hamwamini Mungu. Ukumbi mzima ukaitikia amina. Yangu ilisikika kuliko zote, na pembe haikupulizwa kunifunika.

Jumapili yake akaja mtoto wa baba mdogo, akihitaji fedha za mashine ya kukoboa mpunga, ambazo angezirudisha kabla ya Pasaka. Nilikuwa nikizihesabu noti mezani wakati mke wangu, ambaye hakuhudhuria semina na kwa hiyo akili zake zilikuwa timamu, alipoleta kaunta buku, akaifungua kwenye ukurasa mweupe na kulaza kalamu ya bluu juu yake. Niliifunga kaunta buku ile kwa kiganja, nikaisukuma hadi ukingoni mwa meza, nikamwambia mbele ya mgeni kwamba katika nyumba hii tunaishi kwa Neno. Aliichukua kalamu yake akarudi jikoni.

Pasaka ilipita, mavuno yakapita, simu zikaacha kupokelewa. Oktoba 2022 nilikwenda kwa baba mdogo, tukakalishwa kikao cha ukoo. Ndugu yangu hakukana kwamba alipokea fedha. Alisema tu, "Kaka, ungekuwa mkopo ungeandika, kaunta buku ilikuwa mezani na wewe ndiye uliyeifunga." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba hata kama ulikuwa mkopo, mwaka wa saba wa Wayahudi ulikuwa umekwisha Septemba, na sura ileile ya 15 inaamuru maachilio ya madeni kila mwisho wa miaka saba. Muhtasari wa semina nilikuwa nimempa mimi mwenyewe, bure. Wazee walicheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa sababu anayechekwa akicheka pia huonekana amekuja kupiga soga. Kati yangu na yeye hakuna Myahudi hata mmoja, lakini pale kikaoni mwenye mstari alikuwa yeye.

Ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya kwanza, yaani kuuliza wenye kitabu wenyewe hukisomaje. Wayahudi hawauachi mstari utoke mtupu kwenda sokoni. Huusoma pamoja na Rashi, mfafanuzi wa Troyes huko Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, na nyuma yake ipo mijadala ya Talmudi, na nyuma ya Talmudi ipo Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ambao mijadala hiyo inaufafanua. Humo nilikuta kwamba Hillel, mwalimu wao wa kale, alipoona watu wanakataa kukopesha mwaka wa saba unapokaribia, jambo ambalo sura ya 15 yenyewe inalikemea, aliweka utaratibu wa hati iitwayo prozbul, ambayo kwayo mkopeshaji hukabidhi madeni yake kwa mahakama ili yasifutike. Hati, ndugu yangu! Iliandikwa ili maskini apate wa kumkopesha. Nilikuta pia kwamba Ki Tetze, parasha inayosomwa majuma mawili tu baada ya Re'eh, inamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mkopaji kuchukua rehani. Asimame nje aletewe. Maana yake rehani inaruhusiwa, na huruma inadaiwa katika namna ya kuipokea. Siku 14 za subira zingeniokoa, lakini mwalimu wetu aliruka kutoka Re'eh hadi kwenye sadaka ya semina.

Lililoniuma zaidi limo katika Bava Metzia, kitabu kimojawapo cha Talmudi. Wahenga wanasema kwamba anayekopesha bila mashahidi amevunja amri ya Mambo ya Walawi 19 ya kutomwekea kipofu kikwazo, kwa sababu amemfungulia mkopaji mlango wa kukana. Kwa hiyo kaunta buku ile ilikuwa inamlinda ndugu yangu pia, nami niliisukuma. Hapohapo inasimuliwa kwamba mwalimu mmoja, Rav Ashi, ili kumjaribu mwenzake Ravina, alituma ujumbe Ijumaa jua likielekea kuzama, akiomba zuzi 10, sarafu za fedha za wakati huo, za kununulia kipande cha ardhi. Ravina akajibu kwamba alete mashahidi na iandikwe hati. "Hata mimi?" akauliza Rav Ashi. Akajibiwa kwamba yeye hasa, kwa kuwa amezama katika masomo na anaweza kusahau.

Jirani yangu Mwislamu, muuza mabati, aliposikia kisa hiki alinikumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, Al-Baqara 282, inahusu kuandikiana madeni. Kumbe nilikuwa nimezungukwa na watu wanaojua, nikaenda kulipia kiingilio kwa asiyejua.

Basi kanuni yangu, ambayo naisema hata nisipoulizwa, ni kwamba usifungue mfuko kabla hujafungua ufafanuzi. Soma parasha nzima, soma mbili zinazofuata, tafuta Mishna imeufanyia nini mstari huo, halafu ndipo uuite funzo. Ulikuwa umeuliza kuhusu tafsiri. Tumia yoyote unayoielewa. Pa kuanzia sikumbuki uliulizaje.

Ila nimeona umeandika kwamba shemeji atapitia fedha Ijumaa jioni, akiwa na haraka ya basi. Mwambie aje Jumapili asubuhi, na akiuliza "hata mimi?", kaunta buku iwe tayari imefunguliwa.