Timu iliyopanda daraja ikienda ugenini: anza kupanga na straika, mabeki watafuata

Mkuu swali lako nimelisoma mara mbili, na naona wengi waliokujibu wamekimbilia namba tu, huyu 5-4-1 (mabeki watano, viungo wanne, straika mmoja), yule 4-5-1, mwingine anasema pakini basi, yaani jazeni watu wote golini, muombe Mungu. Umesema timu yenu imepanda Ligi Kuu, kule Championship, ligi ya chini yake, mlicheza 4-3-3 nyumbani na ugenini ikawalipa, sasa kocha mkuu anataka mechi zote za ugenini mwende na mabeki watano, na wewe msaidizi wake hujui umuunge mkono au umpinge. Mi nimekalia kiti hicho hicho kwenye timu iliyopanda. Timu siitaji, ila tulichopitia nakupa chote.

Na sisi tulianza hivyo hivyo. Hesabu ya kocha ilikuwa nzuri tu ukiisikiliza: ligi ina timu 16, mechi 30, kwa hiyo 15 ni za ugenini, timu mbili za chini zinashuka moja kwa moja na ya 13 na ya 14 zinaenda mchujo, basi nyumbani tutafute pointi tatu na ugenini tubanie sare. Hapo hakuna ubaya. Hata Uingereza Nottingham Forest walipopanda, msimu wa 2022/23, walimaliza wa 16 na pointi 38, na 30 kati ya hizo walizichuma kwao, ugenini walishinda mechi moja tu msimu mzima na bado wakabaki. Kwa hiyo mtu akisema nyumbani ndo kunakubakisha hajakosea.

Shida ni pale tuliposema tunatafuta sare halafu tukadhani sare inapatikana kwa kuongeza beki. Mechi nne za mwanzo ugenini tukacheza 5-4-1 na zote tukapoteza. Tena hatukuwa tunacheza hovyo, yaani dakika 30 za mwanzo ungetupenda, mistari imenyooka, mabeki wanaongea, kipa anadaka krosi, halafu kuanzia dakika ya 60 hivi miguu inakuwa mizito, winga anachelewa kushuka mara moja, krosi inapita, goli. La pili linakuja wakati bado tunalaumiana la kwanza.

Baada ya mechi ya tatu tulilala lodge mkoani kwa watu, usingizi haukuja, nikachukua simu nikaanza kuangalia video ya mechi. Nikawa nafanya kitu kimoja, kila tukiwanyang'anya mpira naanza kuhesabu, wakiurudisha nasimamisha, naandika kwenye kaunta buku. Ukurasa ule ninao mpaka leo. Sekunde 6. Sekunde 4. Sekunde 9. Sekunde 5. Sekunde 3. Kipindi chote cha pili tuliweza kukaa na mpira zaidi ya sekunde 15 mara mbili tu, na moja kati ya hizo ilikuwa mchezaji wao ameumia wakatoa mpira nje. Asubuhi nikamuita beki wetu wa kushoto, kaka mmoja mtu mzima anayeujua mpira, nikamuonesha. Akaangalia ile orodha akaniambia, "Mwalimu, mi nikishaukata ule mpira nampa nani? Nikiinua kichwa namuona straika peke yake, kazungukwa na watatu, na yupo mbali kama yupo mechi nyingine."

Hilo swali lake ndo jibu langu kwako. Nikiutoa nampa nani.

Maana angalia 5-4-1 ya timu ndogo inavyokuwa kweli uwanjani, siyo kwenye karatasi. Mawinga wako wanashuka mpaka wanasimama sambamba na fulubeki, viungo wawili wa kati wamekaa kwenye mstari wa boksi, straika kabaki katikati ya uwanja. Kati ya mpira ulipo na straika kuna mita 40. Beki akiunyaka hana pasi fupi kwa sababu wote wamebanana, anaupiga mbele, straika anaruka na mabeki wawili, mpira unarudi. Sekunde tano. Wanapanga upya, wanakuja tena. Ukienda hivyo dakika 90 umewapa mashambulizi mengi mno, na tofauti kubwa ya Ligi Kuu na ulikotoka ipo hapo hapo, kule krosi kumi zinaweza kwenda nje zote ukarudi na sare yako, huku ya tatu inamkuta mtu anayejua kupiga kichwa. Halafu sabu ni tano. Wenzako dakika ya 60 wanaingiza winga mbichi wawili wenye mbio dhidi ya fulubeki wako aliyekimbia mechi nzima bila mpira. Hata uweke mabeki saba, wakija mara nyingi kiasi hicho watapata tu.

Kwa hiyo sisi tukageuza upangaji. Badala ya kuanza na mabeki tukaanza na swali: nani kwenye timu hii akipigiwa mpira mbaya anaweza kuutuliza sekunde nne mpaka wenzake wafike? Jina likaja moja tu, straika mrefu aliyekuwa benchi kwa sababu ya goti na kwa sababu msimu wa kupanda hakufunga sana. Nyumbani hatukumhitaji kivile. Ugenini akawa mtu wa kwanza kuandikwa.

Ukishampata huyo namba zinakuja zenyewe. Tukaenda 4-4-2 ya kawaida kabisa, ile ya zamani watu wanayoidharau. Mrefu mmoja, na pembeni yake mtoto mwenye mbio anayezunguka kuokota mipira ya pili. Mistari miwili ya watu wanne nyuma yao, na sheria moja tu tuliyoishikilia mazoezini, kutoka beki wa mwisho mpaka straika zisizidi mita 30. Tulipanga koni na tukawa tunasimamisha mazoezi kila umbali ukizidi, wachezaji walichukia wiki ya kwanza, ya pili wakawa wanapigiana kelele wenyewe. Kwenye bloku ya chini, yaani mkikaa karibu na goli lenu, hivi hivi bado mnakaba, ila mkinyang'anya kuna mtu wa kumpa.

Na kwa nini 4-4-2 na siyo kitu kingine? Kwa sababu tulitoka 4-3-3, kama nyie. Mabeki wanne hawabadilishiwi chochote, wanabaki na mazoea yao. Nilikaa na viungo mezani nikapanga vizibo vya soda, nikachukua kizibo kimoja tu cha kiungo wa tatu, nikakitoa katikati nikakisogeza pembeni, winga wa upande ule nikampandisha kuwa straika wa pili. Basi. Kila mtu alielewa kwa dakika mbili. Ukienda kwenye mabeki watano unahamisha karibu timu nzima, beki wa kati anajifunza kutoka pembeni, fulubeki anajifunza kupanda peke yake bila winga mbele yake, na unafundisha hayo yote kwa siku mbili tatu kati ya mechi na mechi, nyingine mpo ndani ya basi.

Sisemi mabeki watano ni kosa kila mahali. Sheffield United walipanda 2019 chini ya kocha Chris Wilder na 3-5-2 yao, ambayo wakikaba inakuwa mabeki watano, wakamaliza wa 9 na pointi 54, na ugenini hawakupoteza mechi ya ligi msimu ule mpaka mwishoni mwa Desemba kwa Manchester City. Watu wanakumbuka wale mabeki wa kati waliokuwa wanapanda mpaka pembeni, mi nakuomba uangalie mbele: straika wawili, siyo mmoja. Na mmoja wao David McGoldrick hakufunga goli hata moja la ligi mpaka Julai 2020 alipowatia Chelsea mawili siku moja, na bado kocha aliendelea kumpanga kwa sababu alikuwa anaushika mpira timu inapumua. Sasa hapa kwetu straika akikaa mechi tano bila goli mashabiki wanataka kumla. Msaidizi wewe ndo umlinde.

Na ukienda kwenye watano hakikisha una wingbeki wawili kweli, wale wa pembeni wanaokaba na kushambulia peke yao, wenye mapafu. Kama huna, unachopata ni mabeki wa kati watatu na fulubeki wawili waliochoka, mi sioni faida. Sisi tulitumia watano tena mara chache tu, tulipoenda kwa wakubwa, kule kwenye viwanja vya Mkapa na Chamazi, lakini kama 5-3-2, straika wawili walibaki. Kule unaweza kukaa dakika nyingi bila mpira hata ufanyeje, basi angalau ukiupata uwe na watu wawili mbele, beki wao wa kati mmoja aogope kupanda.

Mwenendo wetu baada ya kubadilisha: mechi 11 zilizobaki za ugenini tulishinda 3, sare 4, tukapoteza 4. Pointi 13. Kutoka sifuri kwenye nne. Magoli mawili kati ya yale ya ushindi yalitokana na kona, na kona haziji kama mpira haufiki kule mbele, hilo watu wanalisahau, wanafanya mazoezi ya mipira iliyokufa wiki nzima halafu mechini wanapata kona moja.

Upande wa pili pia usiende. Kuna wanaokwambia usibadilishe chochote, cheza mpira wako ule ule wa pasi fupi kuanzia kwa kipa. Kule Uingereza Southampton walipanda na falsafa hiyo, msimu wa 2024/25 wakamaliza na pointi 12, Burnley mwaka mmoja kabla yao walikuwa hivyo hivyo wakashuka na 24. Na hao viwanja vyao ni zulia. Wewe unaenda kwenye viwanja ambavyo mpira unadunda unavyotaka wenyewe, pasi ya kipa kwenda kwa beki wa kati inaruka juu ya goti. Kaitaba pale Bukoba ni nyasi bandia, mpira unakimbia, pale winga mwenye mbio ni dhahabu na mpira mrefu wa nyuma ya mabeki unatoka nje kwa sababu haupungui kasi. Nenda kwenye uwanja wa majani marefu au wenye tope uone kama mpira ule ule haugandi. Kwa hiyo sisi ilikuwa tukifika tu, kabla hata ya kula, natembea uwanjani na kipa na mrefu wetu, tunadundisha mpira kila kona ya uwanja. Nusu saa tu, na mara mbili ilitufanya tubadilishe nani aanze pembeni.

Safari nayo ni sehemu ya mfumo, usicheke. Kutoka Dar kwenda Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, mchezaji aliyekaa kwenye basi hivyo huwezi kumwambia akabe kwa presha juu, kule kwenye nusu ya wapinzani. Umesema mechi yenu ya kwanza ugenini ni Sokoine, uwanja wa Mbeya, na nyie ni watu wa pwani. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kifua kinabana, vijana wataona kama hawajafanya mazoezi mwezi mzima. Fikeni mapema kadiri bajeti inavyoruhusu, msikabe juu, mstari wenu uanzie katikati ya uwanja, na sabu zenu za mawinga zipangwe kabisa kabla ya mechi, dakika ya 55 mpaka 60, msisubiri mtu ashike paja. Na mwambieni kipa wenu asahau zile za kulala na mpira kupoteza muda, tangu 2025 sheria inasema akikaa nao mkononi zaidi ya sekunde nane ni kona, na hakuna zawadi mbaya kama hiyo dakika ya 85 ugenini.

Sasa kuhusu kocha wako. Usimpinge mbele ya wachezaji wala mbele ya viongozi, hata kama una uhakika asilimia mia. Wachezaji wakiona benchi la ufundi limegawanyika watachagua upande, na mfumo wowote utakufa. Na usimwendee na maneno ya jumla eti mabeki watano ni uoga, hakuna kocha anayekubali kuitwa muoga na msaidizi wake. Chukua video ya mechi zenu mbili za kirafiki mlizocheza na timu za Ligi Kuu, hesabu sekunde kama nilivyohesabu mimi, andika zote, hata zile zinazokukataa. Kama mnakaa na mpira sekunde 12, 15, 20 na mabeki watano basi kocha wako yuko sahihi na wewe muunge mkono kwa moyo wote.

Mi nilimfuata wangu chumbani kwake saa tatu usiku, baada ya kile kichapo cha nne, kila mtu kajifungia. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikamfungulia ile kaunta buku ukurasa wa zile sekunde, za mechi mbili sasa. Sikusema kitu. Akasoma kutoka juu mpaka chini, akarudia, akavua miwani akaiweka kitandani. Akakaa kimya kama dakika nzima halafu akaniuliza, "Yule mrefu, goti lake linaendeleaje?"