Kondoo anahema kama aliyekimbizwa: kabla hujarudia sindano ya nimonia

Mkuu, umeuliza kwa nini kondoo wako jike wa miaka 3 anahema na kukonda ilhali anakula vizuri, homa hana, na antibaiotiki zinampa nafuu ya siku chache tu. Swali lako nimelisoma mara mbili. Ni maneno yale yale niliyomwambia daktari wa mifugo nilipoanza kupoteza majike yangu manne. Nilitibu nimonia miezi mitatu mizima. Laiti ningempasua wa kwanza kufa!

Aliyepasuliwa ni wa tatu. Mapafu ya kondoo mwenye afya ukiyatoa kifuani hunywea, mepesi kama sifongo. Yale yalibaki yamejaa, mazito, upande wa chini magumu ya kijivu, na bomba la hewa limejaa povu jeupe. Ilikuwa saratani, tena ya kuambukiza.

Ugonjwa huu wafugaji wa Afrika Kusini waliuita jaagsiekte kwa Kiafrikaana, yaani ugonjwa wa kukimbizwa, maana kondoo amesimama tu lakini anahema kama katoka kufukuzwa. Unaletwa na retrovirusi, yaani virusi vinavyojipachika ndani ya vinasaba vya seli. Protini ya ganda la kirusi chenyewe ndiyo inayozichochea seli za mapafu zigawanyike ovyo. Seli hizo kwa kawaida hutoa majimaji kidogo. Zikishakuwa uvimbe huyamwaga kwa wingi, nayo yamejaa virusi. Mgonjwa akihema karibu na wenzake, hasa zizini walikobanana, anawagawia. Wana huweza kuupata hata kwenye dang'a na maziwa, na wao ndio wepesi zaidi kuambukizwa, ingawa dalili huchelewa hadi miaka.

Lililoniumiza zaidi ni hili: kipimo cha damu cha kutafuta kingamwili hakisaidii kitu. Kila kondoo huzaliwa na nakala za virusi jamaa ndani ya vinasaba vyake, kama 27 hivi, kwa hiyo mwili humwona mvamizi huyu kama mtu wa nyumbani na hautengenezi kinga. Chanjo hakuna, dawa hakuna. Ile nafuu unayoiona baada ya sindano ni ya bakteria waliodandia mapafu yaliyokwisha haribika.

Usidhani ni uzembe wa mfugaji. Dolly, yule kondoo aliyezalishwa kwa kloni, yaani nakala ya kondoo mwingine, kule Uskoti na kutunzwa na wataalamu, aliuawa kwa sindano Februari 2003 kwa sababu ya uvimbe huu huu, akiwa na miaka 6. Watu wengi bado wanasema kloni ndiyo iliyomzeesha. Iceland nao waliuingiza mwaka 1933 pamoja na kondoo wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani, na hawakuumaliza hadi 1952, kwa kuchinja makundi kwa makundi. Kwangu naamini ulikuja na dume niliyemnunua akiwa mnene, hana hata kikohozi.

Sasa huyo wako. Mwinue miguu ya nyuma, kichwa kiwe chini, kama unayesukuma toroli. Majimaji ya povu yakimtoka puani, jibu umelipata; achinjwe siku hiyo hiyo, maana anazama ndani ya mapafu yake mwenyewe na kumwacha ni kumtesa. Yasipotoka, bado hajasalimika, kwani wengine hawatoi kabisa. Mtenge, kisha muite daktari mwenye mashine ya ultrasaundi ampime kifua. Uvimbe wa sentimita moja au mbili huonekana mtaalamu akiwa na jicho zuri, ila mdogo kuliko huo humponyoka, ndiyo maana mimi hupima kundi zima kila mwaka na siamini kipimo kimoja.

Wanawe usiwaweke kwa mbegu, hata wakipendeza vipi. Mimi nilimwacha mmoja kwa huruma, na ndiye aliyekuwa wa nne.